Mti Wenye Kibao na Jiwe Lisilosomeka

Kwa muda wa miaka miwili na ushei nilikuwa nikienda mara kwa mara kwenye makaburi fulani ya karne ya 19 mashariki mwa Marekani, ambayo ni mahali pa kuzikia watu hadi leo na papo hapo ni bustani ya miti iliyo wazi kwa umma, yenye miti iliyohesabiwa, iliyopewa namba na kutundikiwa vibao. Sitayataja makaburi yenyewe, kwa sababu kaburi moja nitakalolisimulia ni la mtoto wa watu, na hakuna jamaa yake aliyenipa ruhusa ya kumwanika. Nilianza kwenda kwa ajili ya miti. Nalikiri hilo mapema, maana karibu kila kosa nililolifanya humo ndani lilitokana nalo.

Siku ya kwanza, katikati ya mwezi wa Oktoba, nilichukua ramani langoni, nikaitia alama mahali palipotajwa miti mashuhuri, nikaanza kuifuata mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyetumwa sokoni na orodha. Njia za makaburi hayo zimepindwapindwa kwa makusudi, zinapanda vilima na kushuka mabondeni, na anayejaribu kukata kona hujikuta kati ya mawe akitafuta pa kukanyaga. Baada ya saa tatu nilikuwa na majina arobaini na moja katika daftari langu, miguu iliyochoka, na kumbukumbu ya mti mmoja tu, nao niliukumbuka kwa sababu nilijikwaa kwenye mzizi wake.

Vibao vyenyewe vilinivutia kuliko miti. Kila kibao kilikuwa na jina la mti kwa Kilatini, jina lake la kienyeji, familia yake, sehemu ya dunia ulikotoka, na namba ya usajili. Namba hiyo huwa na mantiki yake: mara nyingi huanza na mwaka ambao mmea uliingizwa katika kumbukumbu, ikifuatiwa na nambari ya mfuatano wa mwaka huo, na pengine herufi ya kutofautisha mche mmoja na ndugu zake walioletwa pamoja. Mti unapokufa namba yake haipewi mti mwingine, bali huandikwa tarehe ya kuondolewa na sababu, kisha hubaki katika daftari la kudumu. Nilipoelezwa hivyo niliona ni utaratibu mzuri sana, na sikufikiri hata kidogo kwamba mawe yaliyonizunguka pande zote yalikuwa yakifanya kazi hiyohiyo.

Ni baadaye nilipojiuliza ni nani aliyepata wazo la kuyaweka mambo haya mawili mahali pamoja. Mwaka 1804 mji wa Paris ulifungua makaburi ya Père Lachaise, nje ya mipaka yake ya wakati ule, baada ya viwanja vya kuzikia vilivyokuwa katikati ya mji kujaa kupita kiasi. Boston nayo ilikuwa na taabu ya namna hiyo, na daktari mmoja wa huko, Jacob Bigelow, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, alianza mwaka 1825 kuwahimiza wenzake waache kuzika chini ya makanisa na katika vijiwanja vilivyobanana. Wakati huo Chama cha Kilimo cha Bustani cha Massachusetts, kilichoanzishwa mwaka 1829, kilitamani shamba la majaribio lakini hakikuwa na fedha za kulinunua. Haja hizo mbili zikakutana. Mwaka 1831 ilipatikana ardhi ya ekari 72 yenye msitu, vilima na mabwawa, katika eneo la Cambridge na Watertown, kwa makubaliano kwamba viwanja vya makaburi vitauzwa na mapato yake yatasaidia kuigharimia bustani. Hivyo ndivyo Mount Auburn ilivyozaliwa, na nchi nzima ikaiga.

Naona watu wengi wanaosimulia habari hiyo huisimulia kama habari ya uzuri wa mandhari, na ni kweli palikuwa na uzuri, lakini mimi huvutiwa zaidi na hesabu yake: wafu ndio waliowalipia walio hai miti. Tena aliyetoa hotuba ya uzinduzi, tarehe 24 Septemba 1831, alikuwa Joseph Story, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, ambaye mwezi Mei wa mwaka huohuo alikuwa amefiwa na binti yake wa miaka kumi. Mtu huyo hakuwa akizungumzia kifo kama mada ya hotuba. Shamba la majaribio halikudumu, kwani mwaka 1835 chama na makaburi vilitengana, lakini miti ilibaki na watu wakazidi kumiminika, kwa kuwa miji ya Marekani ilikuwa haijapata bado bustani kubwa za umma. Walikuwa wengi kiasi kwamba wasimamizi walilazimika kuweka masharti juu ya nani anaruhusiwa kuingia na gari la farasi.

Waingereza walilichukua wazo hilo wakaliendesha kwa ukali zaidi. Makaburi ya Abney Park, yaliyofunguliwa mwaka 1840 huko Stoke Newington, London, yalipandwa na kitalu cha ukoo wa Loddiges aina zipatazo 2,500 za miti na vichaka, zikipangwa kwa mfuatano wa alfabeti kuzunguka mpaka, kuanzia Acer hadi Zanthoxylum, kama kamusi ambayo mtu anaisoma kwa miguu. Miaka mitatu baadaye John Claudius Loudon, mbunifu wa bustani, alitetea hoja kwamba makaburi yanaweza kuwa shule ya mimea kwa watu wasio na shule nyingine. Leo upo mpango wa kimataifa wa kuzitambua bustani za miti, ArbNet, unaoendeshwa na Morton Arboretum ya Illinois, na ngazi yake ya kwanza haidai mengi: angalau aina 25 za mimea ya miti, kibao kwa kila aina, mpango ulioandikwa na milango iliyo wazi kwa umma. Ndiyo maana makaburi mengi ya zamani yanaweza kuingia humo bila kupanda kitu kipya. Yanachohitaji ni mtu wa kuhesabu.

Kosa langu kubwa nililifanya katika safari ya tatu. Palikuwa na Ginkgo biloba pembeni mwa barabara ndogo, na majani yake, ambayo yana desturi ya kugeuka manjano kwa pamoja na kuanguka karibu yote kwa siku moja au mbili, yalikuwa yamelifunika jiwe lote na nyasi zote chini yake. Nilipiga goti, nikawa napiga picha, nikasogea nyuma, nikapiga nyingine, hadi niliposikia milango ya magari ikifungwa polepole, kwa namna watu wanavyofunga milango wasipotaka kelele. Nilipogeuka nilikuta nimesimama kati ya gari lililobeba jeneza na shimo lililofunikwa zulia la kijani, hatua kama ishirini hivi, nikiwa na kamera mkononi na majani ya manjano magotini. Hakuna aliyeniambia neno. Mwanamume mmoja mzee alinitazama, kisha akautazama mti, kisha akainamisha kichwa, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinisamehe au alikuwa ameshanisahau. Niliondoka kwa kuuzunguka mlima mzima ili nisipite mbele yao.

Tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu ambao baadaye niligundua kuwa wengi wa wazoefu wa mahali pale wanaufuata bila kuuandika. Kwanza unatazama barabara kabla ya kuutazama mti, kwa sababu magari yaliyopangwa kwa mstari au hema dogo lililosimikwa vinakueleza upande gani usiende. Pili huweki begi juu ya jiwe, hata kama ni bapa na linafaa kama benchi. Jambo la tatu nililijua kutoka kwa wapenda ndege, wanaofika alfajiri ya mwezi wa Mei na darubini zao kufuatilia ndege wadogo wanaohama kuelekea kaskazini: wanazungumza kwa sauti ya chini kabisa, na mmoja wao akiona mtu amekaa peke yake mbele ya kaburi, kundi zima hugeuza njia, hata kama ndege waliyemngoja mwaka mzima yuko juu ya mti ulio mbele ya mtu huyo. Nimewaona wakifanya hivyo. Sina hakika kama ningeweza.

Sasa nirudi kwa mti niliojikwaa mzizi wake. Kibao chake kiliandikwa Fagus sylvatica, na kwa kuwa sijawahi kuusikia ukipewa jina la Kiswahili, nimezoea kuuita Fagasi. Ni mti mkubwa wa Ulaya, wenye gome laini la rangi ya kijivu kama ngozi ya tembo, matawi yanayoshuka hadi karibu na ardhi, na kivuli kizito ambacho chini yake hata nyasi huona taabu kuota. Gome hilo ndilo balaa lake. Miti mingi hutanuka kwa kupasua gome la nje na kulibambua, lakini Fagasi hubaki na gome jembamba lilelile miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo ukilikata kwa kisu jeraha haliondoki. Vizazi vya wapenzi vilikuwa vimechonga majina yao kwenye shina lile, na mimi, niliyekuwa nikidhani majina ya aina hiyo hupanda juu kadiri mti unavyokua, nilijifunza kwamba hayapandi kamwe, kwa sababu mti hurefuka kwenye ncha zake tu. Herufi hubaki katika kimo cha mkono uliozichonga, ila shina linaponenepa nazo hunenepa, zikatanuka pembeni mpaka jina jembamba likawa jina nene.

Chini ya mti huo, upande wa magharibi wake, palikuwa na jiwe dogo la marumaru lisilofika magotini, lenye sanamu ya mwanakondoo amelala juu yake. Mwanakondoo ni ishara iliyowekwa sana na watu wa karne ya 19 juu ya makaburi ya watoto. Masikio yake yalikuwa yameyeyuka. Marumaru ni chokaa kwa asili yake, na mvua yenye asidi, hasa ile ya miji iliyochoma makaa ya mawe kwa miongo mingi, huila taratibu kama ulimi unavyokula donge la sukari, tofauti na mawe ya kijivu ya slate ya karne iliyotangulia, ambayo herufi zake bado zinakata kidole. Nilipitisha macho mbele ya jiwe, sikuona hata herufi moja. Nikanyanyua kichwa, nikasoma kibao cha mti bila shida yoyote, nikasoma na jina la mpenzi mmoja kwenye gome, kisha nikafungua daftari langu. Kulikuwa na majina arobaini na moja ya miti, na hakuna la mtu hata mmoja, na mimi nilikuwa nimekwisha kupita mbele ya maelfu.

Labda lisingenigusa sana kama nisingekuwa na dada aliyefariki akiwa na miezi saba, miaka miwili kabla sijazaliwa. Nyumbani jina lake lilitajwa mara chache, na kila lilipotajwa watu wazima walibadilisha mazungumzo. Nimekuwa mtu mzima bila kuwahi kumuuliza mama ni wapi hasa alipozikwa. Sikwenda makaburini pale kwa ajili yake na sitaki kujifanya hivyo sasa. Lakini nilipokuwa nimechutama mbele ya mwanakondoo asiye na masikio ndipo nilipomkumbuka.

Nikaamua kulisoma jiwe. Nilikwenda kwanza kwenye ofisi, ambako karani alinifunulia kwa subira kubwa daftari la zamani la maziko, na katika mstari wa kiwanja kile paliandikwa jina la ukoo, tarehe moja ya mwaka 1849, na neno moja tu mahali pa jina: mtoto. Jina lenyewe, kama lilikuwapo, lilikuwa juu ya jiwe.

Kuna njia nyingi mbaya za kusoma jiwe lililofifia, na mimi nilikuwa tayari kuzijaribu kabla mtunza miti mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akipita na kigari chake, hajanizuia. Wako watu wanaopaka chaki, wengine povu la kunyolea ndevu, wengine wanasugua kwa brashi ya waya. Kila kimojawapo huacha kemikali kwenye vitundu vya marumaru au huondoa tabaka ambalo halitarudi, na hata kuweka karatasi na kuisugua kwa kalamu kunaweza kulivunja jiwe ambalo ndani limeshakuwa unga. Njia salama ni mwanga. Jua likipiga jiwe usoni moja kwa moja, mifereji ya herufi hujaa nuru na kupotea, lakini likipiga kutoka ubavuni, karibu sambamba na uso wa jiwe, hata mfereji usiozidi unene wa ukucha hutupa kivuli. Wazoefu hubeba kioo kirefu, wakalinasa jua mahali lilipo na kulirusha pembeni mwa jiwe.

Nilinunua kioo. Kwa wiki kadhaa nilihangaika nacho chini ya Fagasi ile bila mafanikio, kwa kuwa ili kioo kirushe jua ni lazima kwanza kilipate, na kivuli cha mti kilikuwa kimefunika duara pana kuliko urefu wa mkono wangu mara nyingi. Kurunzi ilikuwa dhaifu mchana, na usiku milango hufungwa. Wakati wa baridi, majani yalipokwisha kuanguka, nilirudi kwa matumaini, lakini vitawi visivyo na idadi vilichora juu ya jiwe mistari mingi kuliko ya herufi zenyewe, na jua la msimu huo lilichomoza mbali upande wa kusini, likalipiga jiwe karibu usoni moja kwa moja. Yule mama alinikuta tena siku hiyo, nikiwa na glovu na kioo, akacheka kidogo bila kejeli.

Yeye ndiye aliyenionyesha, majira ya joto yaliyofuata, jambo ambalo nisingeliona. Aliniambia nisimame chini ya mti nitazame juu, si pembeni, ili nuru ipite katika majani. Kati ya mishipa ya majani mengi palikuwa na michirizi myeusi, kana kwamba mtu ameyapitishia kalamu ya wino, na mengine yalikuwa magumu na yamejikunja. Ni ugonjwa ulioonekana kwanza katika jimbo la Ohio mwaka 2012 na kuenea mashariki tangu hapo, unaosababishwa na mnyoo mdogo usioonekana kwa macho, ambaye huingia katika machipukizi na kuliharibu jani kabla halijafunguka. Miti michanga huweza kufa katika miaka michache. Mikubwa huchukua muda zaidi. Zipo dawa, nao walikuwa wakiitibu miti waliyoweza kuiokoa, lakini Fagasi ile ilikuwa pia na uozo kwenye shina, chini tu ya majina ya wapenzi, mahali ambapo visu vilifungua mlango na ukungu ukaingia. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, ila mkono wake ulikuwa umekaa juu ya gome muda wote.

Waliuondoa mwishoni mwa Agosti. Sikuwapo, lakini nilielezwa ilivyofanyika: haukuangushwa, kwani hapakuwa na pa kuuangushia bila kuvunja mawe ya watu, bali ulikatwa vipande kutoka juu na kila kipande kikashushwa kwa kamba, na kwa siku mbili zile mbao nene zilikuwa zimewekwa juu ya makaburi ya jirani kuyakinga. Kisiki hakikung'olewa. Mizizi ya mti wa umri ule imepita kati ya majeneza, na kuing'oa ni kufukua watu; kwa hiyo kilisagwa kidogo juu na sehemu iliyobaki ikaachwa ioze yenyewe.

Nilifika wiki ya mwisho ya Septemba, mapema, dakika chache baada ya lango kufunguliwa. Mahali pale palikuwa peupe kiasi kwamba nilipita nikarudi. Unga wa mbao ulikuwa bado umetapakaa, wenye rangi ya tangawizi, na kibao kilikuwa kimeondolewa. Jiwe dogo linatazama kusini. Kwa mara ya kwanza tangu nilijue, na pengine kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi kabla ya kuzaliwa mimi, hapakuwa na kitu chochote kati yake na mashariki, na katika wiki hiyo ya mwaka jua huchomoza karibu mashariki kamili. Lilikuwa limeshapanda kiasi cha viganja viwili juu ya ukuta, na nuru yake ilikuwa ikiupitia uso wa marumaru kutoka ubavuni kwa mwinamo mdogo, jinsi nilivyojaribu kuilazimisha kwa kioo kwa mwaka mzima. Kioo kilikuwa begini. Sikukitoa.

Herufi hazikuonekana zote kwa pamoja. Ulianza mstari wa umri, miaka miwili na miezi minne, kwa sababu ulikuwa chini na ulikuwa umekingwa na nyasi; kisha jina la ukoo, ambalo nililijua; kisha, chini tu ya miguu ya mwanakondoo, jina la kwanza, herufi sita, ya tatu kati yake ikihitaji nilale kifudifudi kwenye unga wa mbao ili niithibitishe. Alikuwa msichana. Nilikaa hapo mpaka jua lilipopanda na jiwe likawa jeupe tena, tupu, kana kwamba halijawahi kuandikwa kitu. Halafu nilifungua daftari kwenye ukurasa ule wa kwanza. Mbele ya Fagus sylvatica niliandika mwezi na mwaka wa kuondolewa, kama wanavyofanya wao, na juu ya majina yote arobaini na moja, kwenye ukingo ambao siku ile ya haraka nilikuwa nimeuacha wazi, nikaandika lake. Jioni yake nilimpigia mama simu.